Wachumba wa Duka la Saa

Simu ilipoita, Pyo Sunyeong alikuwa ameinama usoni pa mzee mmoja, akimrekebishia mkono wa miwani nyuma ya sikio. Aliitupia simu jicho la pembeni. Alipoliona jina la Dada Eom wa duka la saa, vidole vyake vikateleza.

"Unaniumiza, binti," mzee akalalamika.

"Samahani, babu. Samahani sana."

Aliipokea nyuma ya rafu ya fremu, mahali ambapo wateja hawakuweza kumwona uso.

"Bi harusi!" Sauti ya Eom Jisuk ilimjaa sikioni. "Umekaa au umesimama? Kaa! Zimefika. Zote mbili, ya bwana na ya bibi! Zimeletwa asubuhi hii kutoka Seoul. Nimepiga kelele mpaka mlinzi amekuja kuchungulia."

Sunyeong aliegemea rafu, akafumba macho.

"Upo?"

"Nipo, dada."

"Unalia, eti?"

"Kidogo."

"Lia, mwenzangu, ni haki yako. Umezisubiri mno. Lakini nisikilize. Kesho mje wote wawili, na vitambulisho vyenu. Akija mmoja peke yake sitoi hata kamba ya boksi. Hii ni jozi ya harusi, na wakubwa wamesema jozi haigawanywi. Msipokuja zinakwenda kwa wachumba wanaofuata, halafu mimi nitaonekana mpumbavu mbele ya meneja, kwa jinsi nilivyowapigania. Haya, mbusu bwana harusi kwa niaba yangu!"

Simu ikakatika. Sunyeong akabaki ameishika kifuani. Atambusu wapi bwana harusi? Hakuwa hata na uhakika kama namba yake ilikuwa ile ile.

* * *

Ilikuwa imeanza kama mzaha.

Duka lile, kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo kubwa la biashara, ndilo lililokuwa wakala rasmi pekee wa kampuni ile ya Uswisi katika mji mzima wa Daegu. Vioo vyake vilijaa saa, na hakuna hata moja uliyoweza kuondoka nayo. "Hiyo ni ya maonyesho tu, mheshimiwa." Miaka miwili Sunyeong alikuwa akienda, akiinamishiwa kichwa kwa adabu, na kurudi mikono mitupu. Alishanunua pale saa mbili zisizopendwa na mtu, ili tu jina lake lizoeleke. Aliyoitaka ilikuwa ndogo, nyembamba, uso wake kijivu chenye ukijani kama maji ya mto wakati wa baridi. Kwa walanguzi wa vichochoroni angeipata hata kesho yake, kwa bei iliyopandishwa mara mbili. Hakutaka. Mume wake wa zamani alimwacha na nyumba iliyojaa vitu vya watu wengine, na tangu hapo alikuwa na kiu ya kitu kimoja kizuri ambacho hakijaguswa na mtu, chenye kadi iliyoandikwa jina lake na si la mwingine.

Ban Dogyeom alikutana naye mlangoni pa duka lile, asubuhi moja, wote wawili wakiwa wametoka kuambiwa hakuna. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu, mtoto wa pekee wa wenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi, kijana wa kucheka haraka na kuona haya haraka zaidi.

"Dada, unajua wanampa nani?" alimnong'oneza. "Wachumba. Mtu akija na mchumba wake kutafuta jozi ya harusi, wanamwonea huruma. Sisi wapweke tutazeeka hapa."

"Basi tafuta mchumba."

"Nimeshampata. Nazungumza naye."

"Una wazimu wewe mtoto."

Lakini wiki iliyofuata waliingia wameshikana mikono. Dogyeom alisahau kama walikuwa wamepanga kusema walikutana hospitalini au kanisani, akasema vyote viwili, na Sunyeong akamkanyaga mguu chini ya meza. Walipotoka walicheka hadi wakaegemea ukuta. Mara ya pili kuingia, hakuna aliyesahau kitu. Mara ya tatu, Sunyeong aligundua kwamba wameshatoka dukani, wameshavuka barabara, na mkono wake bado uko ndani ya mkono wa Dogyeom, na hakuna anayejisumbua kuuachia.

Majira yote ya joto walikuwa pamoja, na ilikuwa kweli. Kisha Dogyeom akamwambia mama yake.

Mama huyo hakupiga kelele. Alikuja dukani kwa Sunyeong kama mteja, akakaa kitini, akapimwa macho taratibu, akasifu mikono yake laini. Ndipo aliposema:

"Macho yangu umeyapima vizuri. Sasa nami nikupime. Wewe ni mke aliyeachwa. Mwanangu hajawahi hata kumleta msichana nyumbani. Nguo iliyokwisha kuvaliwa, utamvisha nani? Mwanangu mimi?"

Kisha akarudi kwake, akapanda kitandani, akakataa kula. Siku chache baadaye Dogyeom alikuja kwa Sunyeong, macho yamemvimba. "Nipe muda," alisema. Sunyeong akampa. Majani yakapukutika, theluji ikaanguka na kuyeyuka, na simu haikuita.

Jioni ile, baada ya simu ya Dada Eom, ikaita.

"Umepigiwa?" Sauti ya Dogyeom ilikuwa ya chini.

"Nimepigiwa."

"Sunyeong, njoo kesho. Tafadhali."

"Kwa ajili ya nini?"

"Dada Eom ametupigania sana."

"Kwa ajili ya Dada Eom tu?"

Alimsikia akivuta pumzi, akaitoa, akaivuta tena.

"Nataka kukuona," Dogyeom akasema.

Maneno hayo mawili yalimkosesha usingizi. Kesho yake alifunga duka mapema, akavaa koti lake jekundu ambalo Dogyeom aliwahi kulisifu, akalivua, akavaa jeusi, akarudi tena akavaa lile jekundu.

* * *

Alimkuta amesimama kando ya lifti, mikono mifukoni. Alikuwa amekonda. Nywele alizokata zilimfanya aonekane kama mwanafunzi aliyetoka kuadhibiwa.

"Umekuja," alisema.

"Umeniita."

Wakatazamana. Pembeni watu walipita na mifuko yao, mtoto akalilia puto, na wao wakaendelea kutazamana tu, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Sunyeong alitaka kumuuliza kama anakula. Alitaka kumzaba kofi. Alitaka kukiweka kipaji cha uso wake pale chini ya shingo ya Dogyeom, palipokuwa pake.

"Mkono," Dogyeom akasema.

"Nini?"

"Tukiingia hivi hivi atashangaa."

Akampa mkono. Vidole vya Dogyeom vilikuwa baridi, na vilijipanga katikati ya vyake bila kuuliza njia.

"Haooo!" Eom Jisuk aliwapokea mlangoni, mwanamke mnene mwenye suti nyeusi na glavu nyeupe, uso umemwiva kwa furaha. Aliinama kwa adabu za duka, kisha adabu zikamshinda, akamkumbatia Sunyeong. "Bwana harusi, mbona umekonda? Au bi harusi anakunyima chakula ili suti ikukae?"

"Ni kazi, dada," Dogyeom akajibu.

"Kazi, kazi! Ukishaoa utaijua kazi. Ingieni huku ndani."

Aliwapeleka kwenye chumba kidogo cha wateja wa heshima, chenye kochi moja tu, kwa hiyo wakalazimika kukaa wamebanana. Akawaletea chai ya mchaichai. Akaweka juu ya meza sinia lililofunikwa kitambaa laini, akakifunua.

Saa mbili zilikuwa zimelala bega kwa bega, ndogo na kubwa. Sunyeong aliwahi kuiona saa ile pichani mara nyingi kuliko alivyouona uso wake mwenyewe kwenye kioo, na bado alishtuka. Kijivu kile cha uso wa saa kilibadilika alipoinamisha kichwa, kikawa kijani, kikarudi kijivu.

"Nzuri," alisema, na sauti yake ikakatika.

"Mwone anavyolia tena!" Dada Eom akasema, naye akajipangusa macho. "Niwaambie siri? Wapo wanaokuja hapa wanajifanya wachumba. Ndiyo! Wanashikana mikono hapa, wakitoka nje wanaiuza saa kabla hata haijapata joto la mwili. Meneja aliniuliza, hao wako je? Nikamwambia, hao nawawekea dhamana mimi. Mara ya kwanza nilikuwa na wasiwasi kidogo, kwa sababu bwana harusi alikuwa anajikanyaga kanyaga. Lakini mara ya pili niliwatazama mnavyotazamana, nikasema basi. Mapenzi hayafichiki."

Dogyeom aliinamia kikombe chake. Sunyeong aliona sikio lake likiwa jekundu.

"Lete mkono, bi harusi. Tupime."

Dada Eom alimvika saa. Mkanda wa chuma ulikuwa mlegevu, ukateleza hadi kwenye kiganja. Alichukua bisibisi ndogo kama sindano, akaanza kuhesabu pingili za mkanda kwa ncha yake.

"Na harusi yenyewe lini? Mlisema majira ya kuchipua, hamkusema siku."

Sunyeong alifungua mdomo aseme lolote. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa uongo kati yao. Lakini Dogyeom alimtangulia.

"Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano. Saa sita mchana. Kwenye ukumbi ule mpya ulio kando ya ziwa Suseong, ghorofa ya juu."

"Ah! Ukumbi ule ni mzuri! Mmepataje nafasi?"

"Mama alishalipia tangu mwezi wa kumi na mbili."

Ilitoka laini kabisa, bila kujikanyaga. Sunyeong akamgeukia polepole. Huyu hakuwa mtu wa kujua kudanganya. Huyu aliwahi kuchanganya hospitali na kanisa. Akamtazama, na Dogyeom hakuinua macho, na ndani ya kifua cha Sunyeong kitu kikaanza kushuka, kama mtu anayekosa ngazi gizani.

"Ngojeni nilete kadi za dhamana," Dada Eom akasema, akainuka. "Msibusiane mpaka nirudi, nataka kuona!"

Mlango ulipofungwa, simu ya Dogyeom ikaita. Aliinyamazisha. Ikaita tena. Akaipokea, akaibana sikioni, lakini mama yake alikuwa mtu wa kuzungumza na simu kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya mto.

"Umezipata? Zote? Na ile ya Gayun?"

"Mama, nitakupigia."

"Waambie kadi iandikwe jina la Gayun, usije ukaleta kadi yenye jina la mtu mwingine! Wazazi wake wataisoma. Na mkono wake ni mwembamba, waambie—"

Akaikata. Sunyeong aliisikia saa iliyokuwa mkononi mwake ikigonga.

"Gayun," alisema.

"Sunyeong..."

"Jina zuri. Anafanya kazi gani?"

"Mwalimu wa chekechea. Sunyeong, nisikilize, nilitaka kukuambia nje, nikashindwa."

"Ulisema unataka kuniona."

"Nilitaka kukuona! Naapa nilitaka. Lakini Mama alijua tuliomba jozi, alisema hakuna jozi nyingine ya namna hii mji mzima, na wazazi wa Gayun wanatarajia. Nikawaza... ulikuwa umeninunia, labda huitaki tena. Nitakurudishia kila kitu. Na zaidi."

"Ulinileta hapa nimnunulie mke wako saa."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje, Dogyeom? Nifundishe. Hapa ndipo uliponifundisha kusema mengine yote."

Mlango ukafunguka. Dada Eom aliingia na kadi mbili na kalamu, akitabasamu, akakaa. "Haya. Ya bwana harusi nimeshaiandika. Ya bibi: Pyo Sunyeong, sivyo?"

Dogyeom alikohoa.

"Dada," alisema, "jina... la upande wa bibi... linaweza kuachwa wazi kwanza?"

Dada Eom aliacha kutabasamu. Aliwatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Haiwezekani, bwana harusi. Saa haitoki mlangoni bila jina. Kuna tatizo?"

Dogyeom alimtazama Sunyeong. Yalikuwa macho yale yale aliyoyapenda, ya mtu anayeomba kusaidiwa. Majira yote ya joto Sunyeong aliyaona macho yale na kudhani ni upole. Angeweza kusema neno moja tu, na Dada Eom angeshika kichwa, meneja angeitwa, na yule mama aliyempima macho angejua jioni hiyo kwamba mwanawe ameaibika mbele ya watu. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini mbele yake alikuwapo Dada Eom, aliyewawekea dhamana, na glavu zake nyeupe.

"Hakuna tatizo, dada," alisema. "Anatania. Tangu asubuhi ananitania kwamba bado sijawa wa kwao. Andika Pyo Sunyeong. Na mkanda upime kwenye mkono wangu."

"Mnanitisha nyie!" Dada Eom akacheka, akampiga Dogyeom begani kidogo. "Utani gani huo? Ukifika nyumbani, bi harusi, mnyime chakula."

Kalamu ikaandika. Pingili zikatolewa moja moja, kishikizo kikafungwa, na saa ikatulia juu ya mfupa wa mkono wake. Sunyeong alilipa kwa kadi yake mwenyewe. Dogyeom akalipa kwa yake. Kisha Dada Eom akawasimamisha mbele ya ukuta, mikono yenye saa mbele, akawapiga picha kwa simu yake.

"Sogeeni. Zaidi! Bwana harusi, mbona unamwogopa? Mshike kiuno."

Akamshika. Sunyeong akatabasamu. Picha ilitoka nzuri. Dada Eom aliwaonyesha, na kweli, hakuna mtu duniani ambaye asingewaonea wivu.

* * *

Dogyeom alimfuata hadi chini kabisa, kwenye maegesho, akimwita jina kwa sauti ya kunong'ona.

"Sunyeong! Simama basi. Nitamwambia nini Mama?"

Alisimama kando ya gari lake. "Mwambie ukweli. Mwambie saa imepata mwenyewe."

"Atanigombeza mwaka mzima."

"Una umri gani, Dogyeom?"

Aliangalia viatu vyake. Taa ya dari ilimeremeta juu ya shavu lake, na Sunyeong akaona kwamba analia, kimya kimya, kama wanavyolia watu waliozoea kukatazwa.

"Nakupenda," Dogyeom akasema. "Katika yote niliyoyasema mle ndani na nje, hilo si uongo. Huyo Gayun nimekunywa naye kahawa mara chache tu. Nikiwa naye nazungumza kama nilivyokuwa nazungumza na walimu wangu. Usiku nakuota wewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Kama ungekuwa hunipendi nisingeumia. Ningeichukua saa yangu nikaenda zangu."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alimsogelea, akaushika uso wake kwa mikono miwili, akamlazimisha amtazame.

"Basi sikiliza. Leo ni Ijumaa. Ofisi ya wilaya inafungwa saa kumi na mbili. Kitambulisho unacho, nami ninacho. Kuandikisha ndoa wanahitaji mashahidi wawili tu. Mama yangu mmoja, na jirani yangu wa duka la mihuri hatakataa. Twende sasa hivi. Tukiandikishwa tumeandikishwa. Mama yako atakasirika, atalala kitandani, kisha ataamka, kwa sababu watu huamka. Nitamhudumia mimi. Atanitukana, nitamsikiliza. Mimi nimeshatukanwa na kuachwa na nikabaki hai, Dogyeom, siogopi. Ninachoogopa ni mwezi wa tano."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Panda."

Alisimama. Sunyeong akazunguka, akaketi kwenye usukani, akafunga mkanda, akaangalia mbele bila kupumua. Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Dogyeom akaingia. Akaufunga.

Sunyeong aliwasha gari. Aliposhika gia, Dogyeom akaweka kiganja chake juu ya mkono wake na kukiacha hapo. Gari likatoka kwenye mstari wake, likaanza kupanda njia ya mzunguko ya kutokea, na Sunyeong, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyekuwa ameshaaga mambo haya, akajikuta anawaza atampikia nini usiku huo, na kwamba itabidi wanunue mto mwingine wa kulalia.

"Tutapata watoto?" Dogyeom akauliza ghafla, kwa sauti ndogo.

"Tutajaribu."

Akacheka. Kile kicheko chake cha haraka. Sunyeong hakuwa amekisikia tangu majira ya joto.

Simu ikaita.

"Usipokee," Sunyeong akasema.

Ikaita hadi ikanyamaza. Ikaita tena. Dogyeom alikitazama kioo cha simu kana kwamba kingemuuma.

"Labda amezidiwa. Moyo wake, unajua—"

"Nimeuliza kwa daktari wake, Dogyeom. Ni mteja wangu wa miwani. Moyo wake ni mzima kuliko wangu. Usipokee. Baada ya ofisi utampigia mwenyewe, nitakushika mkono. Nakuomba."

Iliita mara ya tatu. Akapokea.

"Naam, Mama." Kimya. "Hapana, Mama, sijachelewa." Kimya kirefu. Mkono wake ulikuwa umeshaondoka juu ya mkono wa Sunyeong, ambaye hakuona hata ulipoondoka. "Nimepata moja. Nitakueleza... Usilie. Mama, usilie, nakuja. Nakuja sasa hivi."

Sunyeong akakanyaga breki. Walikuwa katikati ya mwinuko, mwanga wa barabarani ukionekana juu. Gari la nyuma likapiga honi.

"Nimsalimie tu kwanza," Dogyeom akasema. "Nimtulize. Ofisi itafunguliwa Jumatatu."

"Jumatatu hutakuja."

"Nitakuja."

"Dogyeom. Nitazame. Jumatatu utakuja?"

Alimtazama. Alifungua mdomo, na Sunyeong akaona jinsi alivyojaribu, kweli alijaribu, kulisema neno lile. Halikutoka. Honi ililia tena. Akafungua mlango, akashuka.

Kisha akazunguka mbele ya gari, akaja upande wake, akainama dirishani. Sunyeong akashusha kioo haraka. Uso wa Dogyeom ulikuwa karibu kiasi cha kubusiwa.

"Sunyeong," alisema, akameza mate. "Ukibadilisha mawazo kuhusu ile saa..."

Sunyeong alipandisha kioo. Hakukipandisha kwa hasira. Alikipandisha taratibu, mpaka juu. Akaondoa gari.

* * *

Mama yake Sunyeong alikuwa akiishi naye ghorofani, juu ya duka la miwani. Ngazi zilinukia mchuzi mwekundu wa nyama na figili, ule wa siku za wageni, maana asubuhi Sunyeong alikuwa amemwambia kwamba labda, labda tu, jioni atakuja na mtu.

Mezani palikuwa na mabakuli matatu.

Mama yake alimkuta akivua viatu. Aliutazama uso wake, akautazama mkono wake.

"Ndiyo hiyo saa?"

"Ndiyo."

"Imekupendeza." Akaushika ule mkono, akauinua karibu na macho yake dhaifu, akaugeuza huku na huku. "Ndogo, lakini imekupendeza. Mikono yako baridi."

"Nje kuna upepo."

"Alikuja dukani?"

"Alikuja, mama."

"Sasa yuko wapi? Anatafuta pa kuegesha?"

Sunyeong alikuwa amedanganya vizuri mchana huo, mbele ya mtu mwenye glavu nyeupe, na alitafuta uongo mwingine mmoja mdogo wa kumpa mama yake pamoja na chakula. Hakuupata. Akaketi sakafuni mbele ya meza, koti lake jekundu bado limefungwa vifungo vyote.

Mama yake hakuuliza tena. Alipakua bakuli moja, akalisukuma mbele ya binti yake, akaweka kijiko. Akajipakulia la pili. Kisha akabaki amesimama na upawa mkononi, akiangalia mlango wa juu ya ngazi, ambao alikuwa ameuacha wazi na ubaridi wote wa mwezi wa pili ulikuwa ukiingia.

"Tumngoje kidogo?" alisema. "Mchuzi bado wa moto."

"Funga, mama," Sunyeong akasema. "Hakuna mwingine."